Kuwinda elgi mara ya kwanza kwenye theluji ya Østerdalen

Ndugu yangu, umesema umefaulu jegerprøven, mtihani wa wawindaji wa Norwei, jirani amekualika kwenye kikosi chake cha kuwinda elgi (yule mnyama mkubwa wa misituni wa jamii ya kulungu) mwezi Novemba, huko juu Østerdalen, bonde la mashariki mwa Norwei, na unataka kujua ununue bunduki gani na darubini gani ya kulengea. La bunduki nitalijibu kwa ufupi, kwa sababu silo litakalokusumbua. Kitakachokusumbua ni kukaa pahala pamoja kwenye baridi saa nyingi, kujizuia usifyatue, na baada ya hapo mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wengi wa kwetu amelala kwenye theluji huku jua linazama. Nawinda bonde hilohilo kila msimu, na wageni wanaotaabika huwa wanataabika hapo.

Karatasi kwanza. Lipa ada ya mwindaji ya mwaka huu (mwaka wa uwindaji Norwei huanza tarehe 1 Aprili) na ufanye mtihani wa shabaha wa wanyama wakubwa: risasi 5, mita 100, zote ndani ya duara la sentimita 30. Bunduki ya .308, .30-06 au 6.5x55 (hivyo ni vipimo vya risasi) inatosha kabisa. Sheria inataka risasi inayotanuka ikigonga. Ikiwa na uzito wa gramu 9 hadi 10, nguvu yake kwenye mita 100 isipungue jouli 2,700. Ikizidi gramu 10, isipungue jouli 2,200. Usishawishike na bunduki nzito zaidi ya hizo. Bunduki inayokupiga teke inakufundisha kufumba macho, na aliyefumba macho anajeruhi. Darubini iwe ya kukuza kidogo tu, kwani msituni mnyama hutokea karibu. Pesa inayobaki nunua risasi za mazoezi, na ujizoeze ukiwa umekaa, umevaa koti nene, mapigo ya moyo yako juu baada ya kukimbia. Kiwanja chenye shabaha ya elgi anayekimbia ukikipata, kiendee mara kwa mara.

Sasa baridi. Mtapanda kwenda vituoni gizani, kwa mguu, na mkoba mgongoni. Panda ukiwa umevaa kidogo, hata kama hatua za mwanzo zitakutetemesha, maana jasho ulilotoa njiani ndilo litakalokugandisha ukishakaa. Ukifika vua fulana ya ndani iliyolowa, vaa nyingine kavu ya sufi uliyobeba ndani ya mfuko wa nailoni, kisha sweta, kisha koti pana. Pamba iache nyumbani, na jinzi pia. Viatu viwe na nafasi ya soksi mbili za sufi na vidole vicheze. Kiatu kinachobana hugandisha mguu hata kiwe cha bei gani. Kalia ngozi ya kondoo au kipande cha sponji nene, na kingine weka chini ya nyayo, hicho cha pili wengi hukisahau. Mikononi vaa glovu nyembamba, juu yake ile kubwa isiyogawanyika vidole, unayoweza kuivua bila kuitazama. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo betri itakufa kabla ya saa sita mchana.

Bunduki nayo ina adabu zake za baridi. Usiiingize kwenye kibanda chenye moto kisha ukatoka nayo: unyevu hujikusanya kwenye chuma na kwenye lenzi, na ukirudi nje unaganda. Ilale kwenye chumba baridi kinachofungwa kwa ufunguo. Grisi nzito ifute yote, acha mafuta mepesi kidogo tu. Mdomo wa mtutu ubandike kipande cha utepe mwembamba, maana theluji ikiingia ndani unaweza kupasuka ukifyatua. Utepe wenyewe huna haja ya kuutoa, risasi hupita tu bila shida.

Novemba ina faida moja kubwa. Msimu huanza tarehe 25 Septemba na kwa kawaida huisha tarehe 23 Desemba, na mwanzoni madume huwa wanahangaikia majike. Theluji ikishakuwa nzito milimani, elgi huanza kuteremka kuelekea bondeni, kwenye misonobari michanga na mierebi wanayokula majira ya baridi. Wana njia zao za siku zote, na wazee wa kikosi wanazijua. Ukiona nyayo, gusa ukingo wake: theluji iliyo laini bado ni ya muda mfupi, ikiwa imeshikamana na kuwa ngumu mnyama alipita zamani. Tazama na kinyesi kama kimeganda. Halafu fikiria upepo. Elgi haoni vizuri kitu kilichotulia, lakini masikio na pua yake havina mfano, na asubuhi hewa baridi huteremka bondeni kama maji, hata kama wewe husikii upepo wowote.

Kituoni hutaondoka mpaka kiongozi aseme kwa redio. Hilo ni la usalama, kwa kuwa wenzako wanajua uko pale na wamejipangia pande za kupigia kulingana na pale. Ukikaa tu, kabla hujatoa risasi mfukoni, angalia walipo jirani zako wa kushoto na kulia, na chagua sehemu ambazo nyuma yake kuna kilima au ardhi ya kupokea risasi. Elgi aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, nyuma yake mbingu tupu, hapigwi, hata awe na pembe za namna gani. Kumbuka pia kwamba ardhi iliyoganda na barafu ya kijito vinaweza kuirusha risasi upande usioutarajia. Mbwa akibweka pahala pamoja bila kusogea, amemsimamisha mnyama. Kazi yako hapo ni kutulia na kusikiliza, aliye karibu naye ataitwa.

Kuhusu nani apigwe, hapa nakuomba uwe mkali kwa nafsi yako. Kikosi hupewa idadi maalumu: ndama wangapi, wa mwaka mmoja na nusu wangapi, majike na madume wangapi. Jike akitokea, ngoja uone nyuma yake. Ndama mara nyingi huja hatua chache baadaye. Ndama hupigwa kabla ya mama, wala mama mwenye ndama hai haguswi, maana ndama aliyeachwa peke yake kwenye theluji anaingia majira ya baridi akiwa dhaifu. Usipokuwa na hakika, mwache apite. Hakuna mtu wa kikosi atakayekulaumu, na akikulaumu kikosi hicho hakikufai. Sisi Wakenya tumekulia katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na wengi wetu mwindaji tulimjua kwa jina la jangili. Huku nimejifunza kumheshimu mwindaji kwa jinsi anavyohesabu. Kila jioni kila mtu huandika elgi wote aliowaona siku hiyo, waliopigwa na wasiopigwa, na hesabu hizo hutumika kupanga idadi ya miaka inayofuata. Andika kwa uaminifu.

Lenga nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu, mnyama akiwa amekupa ubavu. Usishangae akisimama vilevile kama hajaguswa. Elgi aliyepigwa vizuri mapafuni huweza kusimama au kutembea kidogo kabla ya kuanguka. Pakia tena papo hapo, na maadamu bado amesimama piga tena. Akiondoka, kariri mahali alipokuwa na mahali ulipomwona mwisho, toa taarifa, kisha ubaki pale pale. Theluji itakusaidia kusoma: damu nyekundu ang'avu yenye povu ni ya mapafu, nyeusi nyeusi ni ya ini, yenye ukijani na mabaki ya majani ni ya tumbo. Ila tone dogo kwenye theluji huonekana kubwa, kwa hiyo usihukumu jeraha kwa wingi wa doa. Ikiwa ni tumbo, hafuatwi mara moja. Anaachwa alale, kisha anakuja mbwa aliyeidhinishwa kufuatilia majeruhi, ambaye kisheria kikosi lazima kiwe na uhakika wa kumpata.

Sasa nyama, na hapa ndipo nawaona watu wamechoka na kuharakisha. Mpasue na umtoe matumbo haraka iwezekanavyo, hata kama ni nyuzi kumi chini ya sifuri. Ngozi ile nene hushika joto, na nyama huharibika kutoka ndani wakati wewe unajipuliza vidole. Jihadhari na kibofu na utumbo. Kikitoboka, kata sehemu yote iliyochafuka badala ya kuisuuza. Kumteremsha mlimani kunataka sleji, kamba na watu, au gari la theluji lenye kibali, kwa hiyo uliza mapema kikosi hutumia nini. Ndama pia ni mzigo, mara nyingi kilo 60 au zaidi baada ya kuchunwa.

Kwenye banda la kutundikia nyama kuna hatari ya upande wa pili. Nyama isipoe haraka mno: ikishuka chini ya nyuzi 10 ndani ya saa kumi za mwanzo, misuli hujikunja na nyama hubaki ngumu hata uichemshe mchana kutwa. Novemba hapa, banda lisilo na joto linaweza kukufanyia hivyo usiku wa kwanza, basi funga milango au washa joto kidogo. Baadaye itundikwe mpaka itimize jumla ya nyuzi 40 za siku, yaani siku 10 kwa nyuzi 4, au siku 8 kwa nyuzi 5. Ndama hahitaji kufika huko kote.

Mambo mawili ya kumuuliza kiongozi kabla ya kupanda. Tangu CWD, ugonjwa wa ubongo unaoua wanyama wa jamii ya kulungu, uonekane kwa elgi wa Norwei mwaka 2016, katika baadhi ya maeneo huchukuliwa sampuli za kichwa, na taya la chini huombwa ili kujua umri, kwa hiyo ujue kichwa kinapelekwa wapi kabla mtu hajakitupa. Pia uliza nyama inagawanywaje, maana kila kikosi kina desturi yake, na kuna ada inayolipwa kwa mwenye ardhi kwa kila mnyama. Kama wewe ni Mwislamu, suala la bismillahi na uhalali wa mnyama wa risasi limalize na shehe wako kabla ya safari, kisha umweleze jirani yako wazi. Vikosi ninavyovijua husikiliza ukisema mapema, lakini elgi akishalala chini hakuna nafasi ya mazungumzo hayo.

Ukishajua mnapanda kutokea upande gani wa bonde, niandikie hapa nikueleze barabara zinazofungwa theluji ikianguka.