Kukiri kosa kwa Kihispania: “aceptar”, “reconocer”, “admitir” au “confesar”?

SWALI: Kila ninapoandika “nakubali nimekosea” kwa Kihispania natumia “aceptar”. Mwalimu hulikata, mara aweke “reconocer”, mara “admitir”. Kamusi yangu inayaweka yote chini ya “kukubali”. Nichague vipi?

JIBU: Chanzo cha mkanganyiko ni kitenzi chetu wenyewe. Kwa Kiswahili tunakubali mwaliko, tunakubali hoja, tunakubali kosa. Kihispania hugawa kazi hizo. “Aceptar” ni kupokea kilicholetwa mbele yako: “Aceptó la invitación”, alikubali mwaliko. “Acepto que me equivoqué” si kosa la sarufi, ila humwonyesha mtu aliyekuwa akiupinga ukweli na sasa ameamua kuishi nao.

Kwa kosa lako mwenyewe, anza na “reconocer”. Maana yake ya msingi ni kutambua, kwa hiyo unauona ukweli ulivyo na kuusema: “Reconozco que me equivoqué.” Usisahau hiyo z ya “reconozco”; wengi huandika “reconoco”. Kitenzi hiki pia humpa mtu haki yake: “Hay que reconocer que trabaja bien”, lazima tukiri kwamba anafanya kazi vizuri. Hapo hakuna aibu yoyote, ndiyo maana “confesar” haliingii.

“Admitir” liko karibu sana na “reconocer”, lakini mara nyingi husikika kama kukiri shingo upande, baada ya kubanwa: “Al final admitió que había mentido”, mwishowe alikiri kwamba alidanganya. Ugumu wake ni kwamba lina maana ya pili, kuruhusu au kuvumilia, kama kwenye kibao “No se admiten perros”, mbwa hawaruhusiwi. Kwa maana hiyo ya pili, kitenzi kinachofuata huingia katika subjuntivo, yaani umbo la kitenzi la kutaka, kuruhusu au kutilia shaka, si la kutoa habari tu. Linganisha:

“Admito que llegué tarde”: nakiri kwamba nilichelewa.
“No admito que me hables así”: sikubali unisemeshe hivyo.

Kiswahili kinakusaidia hapa. Tafsiri yako ikiishia na -e, kama “unisemeshe”, tumia subjuntivo. Kipimo hiki hakitoshi penye kukanusha, kwani “No reconoce que se haya equivocado” lina subjuntivo ingawa sisi tunasema tu “hakiri kwamba amekosea”.

“Confesar” huhitaji kitu kilichofichwa: jinai, siri, mapenzi. Nafsi ya kwanza ni “confieso”. Kuungama kwa padri ni “confesarse”.

Na tafadhali usichomeke “de” baada ya vitenzi hivi. “Admitió de que” ni kosa. Sema “admitió que”, au “reconoció haber mentido” bila kiungo chochote.

SWALI: Katika barua ya ofisini, naweza kuandika “Reconocemos su carta” kumjulisha mteja kwamba barua yake imefika?

JIBU: Hapana. Atasoma kwamba mmeitambua barua, kana kwamba mlionyeshwa kadhaa mkaichagua yake. Andika “Acusamos recibo de su carta del 3 de mayo”. Usidondoshe “recibo”, maana “acusar” peke yake ni kushtaki.

Ikiwa barua ni ya kuomba radhi, tenganisha mambo mawili. “Reconocemos el error” husema kwamba kosa lipo. “Asumimos la responsabilidad” husema kwamba mtabeba matokeo yake. Mteja aliyepata hasara atatafuta sentensi ya pili, kwa hiyo iandike tu ikiwa kweli mko tayari kulipa. Vilevile “asumir” lisitumike kwa “kudhani”. Hilo ni “suponer”.