Hanesi ya tradi: ning'inia kwanza, lipa baadaye

Wadogo zangu, nimenyamaza vya kutosha. Kila msimu wanakuja wapandaji wapya wa miamba hapa kilimani Lukenya, wamechangamka, wana nguvu za vidole za ajabu kwa sababu wamelelewa kwenye kuta za ndani, nawapenda kweli kweli, lakini kila msimu naona mambo yale yale ya hanesi, ile mikanda ya kiuno na mapaja tunayofungia kamba: mkanda umeteremka mpaka kwenye makalio, kamu zote (vile vyuma vinavyopanuka ndani ya ufa kushika kamba) zimejazana upande mmoja, vitanzi vya miguu vimebana mpaka mtu anatembea miguu kando. Ukimuuliza anakwambia iko sawa tu, nitazoea. Hiyo "nitazoea" ndiyo imenikalisha chini niandike. Nitaifikia kwenye namba tatu na nitakaa hapo sana, mnivumilie.

Naongea kuhusu tradi, yaani kupanda huku ukiweka kinga zako mwenyewe kwenye nyufa, tuelewane. Kwenye spoti, ambako boliti ziko tayari mwambani, unapanda, unashushwa, unalegeza bizimu unakunywa maji, hata hanesi nyepesi kama kamba ya kiatu itakutosha. Tradi unavaa asubuhi unavua jioni, una kilo 5 au zaidi za chuma kiunoni, na nusu ya siku hupandi bali unabilei, yaani unamshikia mwenzako kamba, mara nyingine umening'inia kabisa. Wale wenye ndoto ya Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, mita 5188, hesabuni vizuri: kupanda ni siku nzima kwa wengi, halafu kurudi chini ni kuabseili, yaani kuteremka kwa kamba, kuabseili, kuabseili, na kila abseili uzito wako wote uko kwenye ile hanesi uliyoichagua kwa sababu ya rangi. Ndiyo, wapandaji wa kwanza, Shipton na Wyn-Harris, walifika juu pale Januari 1929 wakiwa wamejifunga kamba kiunoni basi, na hanesi ya kukalia yenyewe tunayoijua ilianza kuenea baada ya ile ya mpandaji Don Whillans ya safari ya Annapurna, Himalaya, 1970, lakini wale wa zamani walikuwa na sheria yao kwamba kiongozi haanguki. Nyinyi mnaanguka. Mnatakiwa kuanguka kidogo, ndiyo njia ya kukua, kwa hiyo vaeni kitu kinachofaa.

1. Usinunue hanesi ukiwa umesimama. Ukisimama mbele ya kioo cha duka kila hanesi ni nzuri, zote zinakukaa, zote laini. Omba kamba, omba boriti, ning'inia. Dakika 10 mpaka 15, siyo kuinua miguu mara moja na kucheka. Dakika mbili za kwanza hazikuambii kitu. Ikifika ya tano au ya sita ndiyo unaanza kusikia ukingo wa ndani wa kitanzi unakata kinenani, au mkanda unapanda kwenye mbavu, au mgongo wa chini unawaka. Kaa kwanza kama uko kwenye kituo, pale unapojifunga mwambani kumbilei mwenzako, miguu ukutani umeegemea nyuma, halafu toa miguu ukutani ukae mzima mzima hewani. Uzito ugawanyike kati ya kiuno na mapaja. Ukiona vitanzi vya miguu vinaning'inia chini chini kwenye mapaja na uzito wote uko mgongoni na kichwa kinataka kwenda nyuma, basi kile kipande kinachounganisha kiuno na miguu ni kirefu mno kwako. Ukiona mkanda unavutwa kutoka kiunoni na kinena kinaungua, ni kifupi mno, na hapo hata ubadilishe saizi ya kiuno mara ngapi haitasaidia, badilisha modeli. Na vaa suruali utakayopandia na ubebe gia, yaani kamu na vyuma vyako vingine, siyo kuja mtupu na jinzi.

Najua wengi wetu tunaagiza kupitia binamu aliye London, na kurudisha haiwezekani. Basi kabla ya kumtumia binamu hela, ning'inia kwenye hanesi za wenzako wote kikundini. Tunaazimana kila kitu sisi, hakuna atakayekunyima dakika 15.

2. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga. Kaza, halafu shika kwa mikono yote miwili usukume chini kwa nguvu. Ukipita mifupa, ama hujakaza ama saizi siyo yako. Sababu ni kwamba siku utakayoanguka ukageuka kichwa chini, hicho kiuno ndicho kitakushika. Ukishakaza, ibaki mkia wa mkanda wa kutosha nje ya bizimu, karibu upana wa kiganja. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo hanesi ni ndogo, usijidanganye eti utapungua. Mwenye mpango wa Mlima Kenya achukue vitanzi vya miguu vyenye bizimu, kwa sababu alfajiri pale una suruali juu ya suruali na baridi ya barafu, saa tano jua limepiga unavua moja, na vitanzi visivyorekebishika vitakuwa vilikubana kule kwenye giza au vinapwaya sasa. Na bizimu mbili kiunoni ni bora kuliko moja, maana ukikaza sana kwa bizimu moja mkanda wote unahamia upande na vitanzi vya gia vinakaa shaghalabaghala.

3. Nitazoea.

Hapa sasa. Huu ni mwaka wa nyuma kidogo, Hell's Gate, ukuta mkubwa. Nilikuwa na mdogo wangu mmoja wa kupanda naye, dada mwenye bidii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, alikuwa bado hana hanesi yake. Nikampa ya kwangu ya akiba. Nilimvalisha mimi mwenyewe pale chini, nikakaza, nikavuta kitanzi cha bilei, kile cha mbele kinachounganisha kiuno na miguu, nikaona kiuno kimekaa vizuri juu ya nyonga, nikaridhika. Akapiga hatua mbili tatu, akasema kaka hii inanibana huku kwenye mapaja, inavuta. Na mimi nikamjibu kwa lile neno. Utazoea. Sikumwambia kwa ubaya, nilikuwa naangalia jua, nilikuwa nawaza pichi ya pili, yaani kipande cha pili cha njia, nilitaka tuanze kabla mwamba haujawaka moto. Lakini nilimwambia.

Pichi ya kwanza hakuna shida, mtu akisogea hasikii. Kituo cha mwisho wa pichi hiyo kina kiukingo cha kuweka vidole vya miguu tu, kwa hiyo unaning'inia. Nikamwacha pale nikaanza kulidi, yaani kutangulia na kamba. Sasa mimi nikachelewa. Ufa ulikuwa na vumbi, kila kamu niliyoweka ikatembea, nikatoa, nikaweka nati, kile kipande cha chuma cha kukwamisha ufani, ikakataa, muda unakwenda. Yeye yuko chini amekalia ile mikanda, na kwa sababu umbo lake la nyonga na urefu wake wa kiuno mpaka kinena siyo kama wangu, vitanzi vilikuwa vinamvuta kwa ndani, mshipa wa paja unakandamizwa. Hakulalamika. Alishalalamika mara moja na nikamjibu, unategemea alalamike tena?

Kisha nikataka kamba. Nina mguu mmoja kwenye kitu kinachoteleza, nimeshika karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, karibu kwa meno, navuta kamba haiji. Navuta tena, haiji. Nikapiga kelele, toa kamba! Kwa sauti ambayo mpaka leo siipendi. Ikaja kidogo, ikakwama tena. Nikaangalia chini katikati ya miguu yangu na nikamwona: mkono wa breki, ule wa kunizuia nikianguka, uko kwenye kamba, haujaachia hata sekunde moja, Mungu ambariki, lakini mkono wa pili, ule wa kunilisha kamba, dole gumba limeingizwa chini ya kitanzi cha mguu wa kushoto analiinua lile gome la mkanda kutoka kwenye paja ili damu ipite, halafu anabadilisha upande wa kulia, halafu kushoto. Alikuwa anabilei kwa mkono mmoja kwa sababu mkono mwingine ulikuwa unashughulika na hanesi. Hanesi yangu. Kama ningeanguka pale na kamba imelegea vibaya, au kama ganzi ingemfanya ateleze na kushtuka, ningemlaumu nani?

Nilipata kamu, nikajenga kituo, akaja juu polepole, anaweka miguu kwa macho kwa sababu hakuwa anaisikia. Nikamwambia pole. Alikaa kwenye ile rafu ndogo anakanda mapaja, kimya, na jioni tukiwa barabarani kurudi Naivasha ndipo akasema, "Nilikuambia tukiwa chini." Basi, maneno hayo tu. Sikuwa na jibu na sina hadi leo. Alama mbili za zambarau zilimkaa kwa muda mrefu, na yeye mwenyewe alikaa msimu mzima wa mvua bila kuja. Aliporudi alikuja na hanesi yake, aliyoichagua baada ya kuning'inia kwenye mwembe wa kwao Machakos na hanesi za kuazima moja baada ya nyingine, na ni ile ile anayopandia mpaka sasa, na analidi njia ambazo mimi nazifuata nikiwa sekondi, mtu wa nyuma.

Nimesimulia kirefu kwa sababu nataka mshike jambo hili moja: raha ya hanesi siyo anasa, wala uvumilivu wa maumivu siyo ujasiri. Mtu anayeumia kwenye kituo anabilei vibaya, na anayelipa ni yule aliye juu. Mwili hauzoei mshipa kubanwa. Kitu kinachozoeleka ni ngozi ya vidole na woga wa urefu, basi. Kwa hiyo mwenzako akikwambia inanibana, simamisha kila kitu, hata kama jua linapanda. Na akina dada, msibabaishwe na lebo, jaribuni za "kike" na za "kiume" zote, mwili wako ndio uamue. Lakini wengi wenu mtaona zile zilizokatwa kwa ajili yenu zina nafasi ndefu zaidi kati ya kiuno na miguu, na hiyo ndiyo ilikuwa inakosekana siku ile.

4. Vitanzi vya gia. Vinne angalau, vya mbele viwe vigumu na vikae wazi ili karabina iingie bila kutazama. Nati na kamu ndogo mbele, kubwa nyuma, pande mbili, jamani, pande mbili! Ukiingia kwenye bomba la mwamba, ule ufa mpana wa kuingia mwili mzima, na bega la kulia ukutani na kamu zote ziko kulia, utafanyaje? Vaa na begi lako pia kabla hujanunua, maana mkanda wa begi unafunika vitanzi vya nyuma na unajua hilo ukiwa tayari juu. Kitanzi cha katikati nyuma ni cha viatu vya kutembelea na kamba ya pili. Na tafadhali, vitanzi vya gia havishikilii mtu. Havikutengenezwa kwa hilo. Nimemwona kijana amejifunga kwenye kituo kwa kitanzi cha gia na anatabasamu, nikatembea kumwendea taratibu nisimshtue huku moyo umesimama.

5. Sponji nene siyo lazima iwe raha. Angalia upana na jinsi uzito unavyosambaa, na kingo ziwe laini. Sponji nene kwenye joto la Hell's Gate inanyonya jasho, na ikishalowa inachuna kiuno.

6. Haja ndogo. Siku ni ndefu, mtakunywa maji, hakikisha mipira ya nyuma inayoshikilia vitanzi vya miguu inafunguka na kufungwa kwa mkono mmoja, na kiuno kinabaki kimefungwa muda wote. Fanyeni mazoezi nyumbani.

7. Hanesi ya mjengo acheni mjengoni. Ile yenye pete mgongoni ni nzuri kwa fundi aliye kwenye jukwaa, siyo kwa kulidi. Ya mitumba pia hapana, hata ikiwa inang'aa: hujui imekaa juani miaka mingapi, hujui kama ilisafirishwa buti moja na betri ya gari, na asidi ya betri inakula nailoni bila kuacha alama unayoiona. Mtengenezaji kwa kawaida anakupa miaka 10 hata kama hujaitumia, soma kile kijitambulisho kilichoshonwa ndani. Todd Skinner, mpandaji aliyepanda kuta ambazo sisi tunaziangalia kwenye picha, alifariki Oktoba 2006 Yosemite kitanzi chake cha bilei kilipokatika kwa uchakavu, na hanesi mpya ilikuwa imeshaagizwa. Kwa hiyo kila unapovaa, pitisha vidole kwenye kitanzi cha bilei na pale kamba inapopita, ukikuta manyoya au pamechakaa, iache nyumbani.

Na kamba inapita sehemu zote mbili, ya kiuno na ya miguu, fundo la nane, mwenzako akague. Sitaongeza neno hapo.

Jumamosi nitakuwa Lukenya mapema na hanesi tatu za saizi na umbo tofauti, na kamba tutafunga kwenye mti pale karibu na maegesho. Njoo na suruali yako ya kupandia na gia yako yote. Utaning'inia dakika 15 kwa saa, mimi ndiye nitashika saa, na ukisema inabana tutaibadilisha hapo hapo.