VPN inaingia yenyewe laptopu zote, mbona zinakata?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni IT wa saccos huku Mwanza, tuna laptopu 35 kwenye matawi, bosi kataka zote ziingie seva ya makao makuu kwa WireGuard (programu ya VPN, njia ya siri juu ya intaneti) na hataki mfanyakazi aulizwe chochote kwenye skrini. Nikaandika skripti, MSI (faili la kuinstolia programu) inaingia kimya kimya freshi kabisa, faili la conf (mipangilio ya VPN) nikatengeneza moja nikakopi kote. Sasa ikiwashwa laptopu moja mambo safi, ikiwashwa ya pili zote zinakata kata, mara huyu anapata mara yule, halafu VPN ikiwa on printa ya tawini haiprinti. Siku ya pili leo nalala ofisini.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Skripti yako haina kosa, tatizo ni hilo faili moja ulilokopi kote.

WireGuard haina username wala password, seva inamtambua mtu kwa ufunguo wake tu, na inakumbuka ufunguo huo mara ya mwisho umetokea wapi, majibu yote inayarudisha hukohuko. Kwa hiyo laptopu ya tawi la Magu, mfano, ikituma kitu seva inajua mteja yuko Magu, sekunde mbili baadae ya Sengerema inatuma kwa ufunguo uleule, seva inahamia Sengerema, na yule wa Magu anabaki kusubiri majibu ambayo kapelekewa mwenzie. Imetengenezwa hivyo makusudi ili simu ikitoka wifi ikaingia data isikatike, ila kwako wewe ndo balaa.

Kwa hiyo kila laptopu ipate ufunguo wake (wg genkey inatoa wa siri, halafu wg pubkey inatoa wa wazi wa kuweka kwenye seva) na Address yake, mfano 10.20.0.11/32, inayofuata 12, na kwenye seva kila moja iwe na [Peer] yake (sehemu ya mteja mmoja) yenye AllowedIPs (anwani zake) ya hiyo namba moja tu. Ukirudia namba kwa wawili, aliyeingizwa mwisho anamnyang'anya wa kwanza. Na ule ufunguo wa zamani ufute kwenye seva leo leo, umeshazagaa mashine 35 na hujui nani kakopi.

Faili lipe jina la kompyuta yenyewe, lisiwe na nafasi katikati, hapo skripti inabaki ileile kote:

start /wait msiexec /i C:\VPN\wireguard.msi /qn /norestart DO_NOT_LAUNCH=1 /l*v C:\VPN\wg.log
"C:\Program Files\WireGuard\wireguard.exe" /installtunnelservice C:\VPN\%COMPUTERNAME%.conf

Hiyo DO_NOT_LAUNCH=1 ndo inazuia dirisha la WireGuard lisijifungue usoni kwa mfanyakazi. Conf ikae ndani ya laptopu, sio kwenye folda la mtandao, na usiifute ukishamaliza, maana kila ikiwashwa inasomwa palepale. Tunneli ya zamani itoe kwanza kwa /uninstalltunnelservice na jina lake. Folda la C:\VPN funga, wasome SYSTEM na admin tu, mle ndani kuna ufunguo wa siri, nakusisitizia hili kwa sababu pesa za wanachama ziko nyuma ya hiyo seva.

Printa sasa. Nina uhakika kwenye conf ya laptopu umeweka AllowedIPs = 0.0.0.0/0, yaani intaneti yote ipite VPN. Kwenye Windows ukiandika hivyo WireGuard inazuia kila kitu kisichopita kwenye tunneli, printa ya mezani ikiwemo. Andika mtandao wa makao makuu tu, mfano 10.20.0.0/16, na bando la makao makuu litapona maana YouTube za matawi hazitapitia tena huko. Kama matawi yanatumia rauta za laini ongeza PersistentKeepalive = 25, inatuma kitu kidogo kila sekunde 25 ili njia isijifunge.

Kingine, Oktoba 2023 TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) ilitangaza wanaotumia VPN kikazi watoe taarifa kwao kabla ya tarehe 30 mwezi ule, muulize bosi kama saccos yenu ilifanya hivyo.

Anza na Magu na Sengerema tu, ziwashe zote mbili kwa pamoja, kwenye seva andika wg show, uone kila moja ina latest handshake yake (mara ya mwisho kusalimiana na seva). Zikitulia asubuhi nzima ndo uende kwa zile 33.

SWALI: Habari mkuu, niko Nakuru. Mimi naweka hiyo MSI kwa skripti ya GPO (sera ya Windows inayotumwa kutoka seva) kompyuta ikiwaka, nikirun mwenyewe inakubali, kwa GPO inaleta 1619.

JIBU: Salama ndugu yangu. 1619 ni kwamba msiexec (kile kinachoinstoli MSI) imeshindwa kulifungua hilo faili. Skripti ya kuwaka hairun kama wewe, inarun kama SYSTEM (Windows yenyewe), na kama faili umeliitia kwenye diski ya mtandao kama Z:, hiyo ni ya kwako wewe, SYSTEM haioni. Andika njia nzima kuanzia \\ na jina la seva, halafu kwenye folda wape Domain Computers (kundi la kompyuta zote za ofisi) ruhusa ya kusoma, pale kwenye Sharing na pale kwenye Security pia, wengi wanaweka sehemu moja tu.