Maswali ya Wasomaji: Nitapata Wapi Kisa cha Kuandika?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni karani katika ghala la mkonge hapa Tanga. Natamani kuandika simulizi za kweli kutokana na maisha yangu mwenyewe, lakini kila nikishika kalamu naona sina kisa: nilizaliwa hapa, nikasoma hapa, nikaolewa hapa hapa. Wenzangu wanaoandika wamesafiri mbali au wamenusurika maradhi makubwa. Mimi nitayatoa wapi ya kuandika?
Karani, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dhana iliyo ndani ya swali lako imewazuia wengi wenye vipaji wasianze kabisa, nayo ni kwamba simulizi ya kweli haiandikwi ila na mtu aliyepatwa na makubwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini mwa mji wetu, mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha. Alioa, akafiwa na mkewe Amina, akalea watoto. Hayo ndiyo aliyoyaandika alipoeleza maisha yake, na shairi lake la kumlilia Amina limesomwa na watu wasiomjua yeye wala mkewe. Wangapi walifiwa na wake zao miaka ile! Yeye alikaa na msiba wake hadi akajua hasa alichokipoteza, akakitaja.

Kwa hiyo nakushauri uache kupekua matukio, uanze kupekua yale yanayokurudia. Yapo maneno uliyoambiwa utotoni ambayo ukiyakumbuka hadi leo unanyamaza kidogo. Yupo mtu mliyeachana vibaya. Lipo jambo ambalo likitajwa nyumbani kwenu wakubwa hubadili mazungumzo. Jambo ulilokwisha kulielewa lote utalisimulia kama taarifa tu, ilhali lile linalokutatiza litakulazimisha uandike ukurasa wa pili ili ujue ulikuwa ukitafuta nini katika ule wa kwanza.

Tena una utajiri usiouona. Ghalani unayaona marobota ya singa, zile nyuzi za mkonge, yakipandishwa mizani, unamsikia mpimaji akitaja uzito, nawe unauandika kitabuni. Ni nani hung'ang'ania robota lipimwe tena? Mpagazi huketi wapi akipumzika, na vumbi la singa limemgandaje kwenye nyusi? Wasomaji wengi hawajapata kuingia humo. Andika asubuhi moja tu ya kazi, ukifuata mikono na sauti, bila kueleza maana yake; kisha usome ulichoandika na utazame ni wapi umepita mbio kana kwamba unakwepa kitu. Rudi hapo, uandike polepole.

Kutoka ghalani, ufuate mkonge hadi nyumbani. Mmea huo uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kutoka Florida, Marekani, na mashamba yake yakawavuta manamba, yaani vibarua wa mashambani, kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya mipaka. Wengi hawakurudi makwao, na wajukuu wao ndio majirani zetu. Je, katika ukoo wako yupo aliyekuja kwa njia hiyo? Muulize bibi au shangazi, lakini usimuulize "zamani ilikuwaje," kwa maana atakujibu kwa jumla. Muulize babu alilala wapi usiku wa kwanza, na ni nani aliyemfundisha kukata mkonge bila kuchomwa na miiba. Ukimkuta anakuna nazi, msaidie. Wazee wengi husema zaidi mikono yao ikiwa na shughuli.

Machungu mapya usiyaharakishe. Yatie daftarini pamoja na tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha uyaache kwanza.

SWALI: Katika simulizi ya mazishi ya baba yetu nimetaja mvua iliyotunyeshea makaburini. Dada yangu anasema siku ile haikunyesha, na amechukizwa pia kwamba nimegusia talaka yake. Nifanyeje?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Ndugu yangu, mvua hiyo usiifute. Kumbuka kwamba wakati ninyi wanaume mkilisindikiza jeneza, dada yako, kwa desturi yetu, alibaki nyumbani na wanawake, kwa hiyo huenda kila mmoja wenu anasema kweli ya mahali alipokuwa. Andika kwamba wewe unaikumbuka na yeye anaikana, na uwaulize wengine waliokuwapo kaburini. Kisichokubalika kamwe ni kuongeza mvua usiyoikumbuka kwa sababu tu inafaa huzuni, kwani msomaji amekubali kukuamini.

Ama talaka, hiyo ni habari yake. Msiba wa baba ni wenu nyote, lakini ndoa ile haikuwa yako, na kubadili jina hakumsitiri mtu katika mji ambao watu wanajuana kwa barabara na kwa nyumba. Iondoe, isipokuwa yeye mwenyewe aridhie. Ukiona simulizi haisimami bila talaka hiyo, basi ulikuwa ukiandika maisha ya dada yako, na inakubidi urudi uitafute sehemu yako. Mpe aisome yote kabla hujampelekea mhariri yeyote, na akikueleza aliyoyaona nyumbani siku ile, mwombe ruhusa uyaandike.