Sura inaonekana, anga limeungua: nifanyeje?

Swali: Fundi, habari ya kazi. Napiga picha hapa Entebbe, nimeanza juzi juzi tu. Jumamosi nilikuwa na kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwao na msichana) karibu na ziwa, picha za maharusi tukapiga kama saa saba mchana. Anga lote limetoka jeupe kama karatasi, hata kanzu za wazee hazionyeshi mikunjo. Nikipunguza mwanga anga linarudi buluu lakini sura zinakuwa nyeusi tii. Nilikuwa ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/4 (tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa), shata (muda wa kuingiza mwanga) imefika 1/4000 ya sekunde ikagoma kupanda. Napiga JPEG, ile picha iliyobanwa na kamera yenyewe. Shida ni kamera ama ni mimi?

Jibu: Ndugu yangu, kamera haina neno, na wewe mwenyewe shida yako kubwa ni hiyo ISO 400. Jua kali la wazi, ukiwa ISO 100 na f/16, linataka shata ya 1/100 hivi, hiyo ni hesabu ya wazee wa filamu na bado inafanya kazi. Sasa fungua mpaka f/4 na upandishe ISO mpaka 400, hesabu inakupeleka 1/6400. Yako inaishia 1/4000, basi mwanga ulizidi kabla hata hujabonyeza, na cha kwanza kuungua ni vitu vyeupe, yaani mawingu na kanzu. Mimi ilinipata pia, kwenye kwanjula ya kwanza kwanza, nikarudi nyumbani nikazumu kwenye kifua cha mzee mmoja nikakuta ile nakshi ya maruni ya shingoni inaelea peke yake, kitambaa hakuna, ni weupe mtupu. Niliona aibu kumpelekea.

Kwa hiyo mchana wa jua ISO iwe 100, usiiguse. Washa na ile alama inayopepesa sehemu zilizoungua kwenye skrini, skrini yenyewe usiiamini juani maana inadanganya.

Lakini hapo bado hujamaliza, kwa sababu mtu akiwa kivulini au jua liko mgongoni mwake, na nyuma yake kuna anga la ziwa, tofauti ya mwanga ni kubwa kuliko sensa, kile kioo cha kamera kinachonasa picha, inavyoweza kubeba, lazima uchague kimoja ama uongeze mwanga usoni. Mimi nachagua sura kila siku, hakuna mteja amewahi kunilipa kwa ajili ya mawingu. Tena kuwa makini na mita ya mwanga ya kamera: ukipima usoni tu, kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, na mtu wetu mweusi vizuri itamng'arisha mpaka anakuwa kama amepakwa unga, kwa hiyo shusha kidogo, theluthi mbili ya stopu mpaka stopu moja (kushusha stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

Halafu kabla ya kununua chochote, tembea. Kupiga mtu na ziwa nyuma ndiyo kujitafutia shida, mzungushe nyuma yake kuwe na miti, ama wewe panda kwenye kiti upige ukiangalia chini, nyuma ibaki majani. Ukilitaka anga kweli, jioni jua likiwa magharibi angalia upande wa mashariki, huko ndiko buluu inakokuwa nzito, upande wa jua ni weupe tu. Na kuna siku za kiangazi vumbi na moshi vimejaa, anga lenyewe ni jeupe, hapo hata ufanye nini buluu haitoki.

Kuongeza mwanga, anza na reflekta nyeupe, hata shuka inatosha kama kuna kijana wa kushika. Angalia tu umesimamisha watu wapi, maramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, inarusha wekundu chini ya kidevu, na nyasi zinatia gomesi nyeupe (gauni za sherehe za akina mama) ukijani ambao kuutoa kwenye kompyuta ni kazi. Flashi nayo: ISO 100, 1/200, f/11, hapo anga linakaa vizuri, kisha flashi ndiyo inawasha sura. Ila flashi ndogo juani haina nguvu ya kuchezea, isogeze mpaka mita moja na nusu hivi, na ukipandisha shata zaidi ya 1/200 au 1/250 kamera nyingi zinakata picha mstari mweusi, labda flashi iwe na ile hai spidi sinki, yaani ya kumulika hata shata ikiwa kasi, ambayo nayo inakula nguvu.

Na saa saba, jamani! Huku kwetu jua linakaa utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba, macho yote yanakuwa mashimo. Omba familia ikupe maharusi saa kumi na moja na nusu, na uwe tayari umeshapanga, maana kwetu jua linazama wima, ule mwanga mtamu haukai.

Hizo za Jumamosi, anga la JPEG likishaungua halirudi. Zikate karibu na sura, nyingine zigeuze nyeusi na nyeupe uwape, na kuanzia sasa weka RAW, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa kama JPEG.