Mkuu wa Rasilimali Watu na Kiti cha Ukurugenzi

SWALI: Huu ni mwaka wa tisa naongoza idara ya rasilimali watu, nami ndiye mwanamke pekee katika menejimenti ya kampuni yetu. Nafasi ya mkurugenzi mtendaji imekuwa wazi mara mbili, na mara zote nimeambiwa sina uzoefu wa biashara. Je, nihame au nivumilie?

JIBU: Dada, kabla ya kuamua, tazama mahali ulipowekwa. Wakurugenzi watendaji wengi hutoka katika idara za mauzo, uendeshaji na fedha, ilhali wanawake wanaopanda ngazi huelekezwa mara nyingi kwenye rasilimali watu kwa hoja kwamba wanajua kuishi na watu, sifa inayosikika kama heshima lakini ikaja kutumika kuwazuia. Omba kwa maandishi ukabidhiwe kitengo chenye bajeti na lengo la mapato, hata kikiwa kidogo, na udai vigezo vya uteuzi viandikwe kabla nafasi haijatangazwa, kwa sababu uzoefu usiofafanuliwa hupimwa kwa matakwa ya anayepima.

Hata hivyo, usipokee kila unachopewa. Mwaka 2005, watafiti Michelle Ryan na Alexander Haslam walichunguza kampuni kubwa za Uingereza, wakaona kwamba soko la hisa liliposhuka, kampuni zilizowaingiza wanawake kwenye bodi zilikuwa tayari zimefanya vibaya kwa miezi kadhaa. Ukipewa kitengo kinachozama, uliza kwanza utakuwa na mamlaka gani, fedha kiasi gani na muda gani.

Lipo jambo gumu zaidi, nalo linanigusa sana: malalamiko ya wafanyakazi wote huja mezani kwako, lakini lako halina meza. Huwezi kuwa mlalamikaji na mwamuzi, wala si haki unyamaze kwa sababu hiyo. Peleka suala lako kwa mwenyekiti wa bodi, uombe lisikilizwe na mtu wa nje ya menejimenti. Ambatisha ulinganisho wa mshahara wako na wa wakuu wenzako, maana Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unazungumzia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, si kwa kazi zinazofanana tu. Bodi ikishindwa kukujibu kwa maandishi, hama bila kujilaumu.