Nakula kidogo lakini nanenepa, nifanyeje?

Dada, umesema mchana unakula sahani moja ya wali, jioni chipsi kidogo, unalala saa sita na saa kumi alfajiri uko macho kuwahi daladala. Nguo zinabana, na unataka kununua zile dawa za kukata tumbo. Hizo achana nazo, nyingine hata kilichomo ndani hakijulikani.

Mimi ningeanza na vinywaji. Ukinywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: tayari ni tisa. Soda ya chupa ya mililita 300 ina gramu 30 na ushee za sukari, karibu vijiko vinane vingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, ikiwezekana 25. Umeshapitiliza kabla hujagusa wali! Na sukari ya kunywa haishibishi.

Usijilaumu kwamba huna nidhamu. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa hupanda. Msongo wa muda mrefu nao huongeza kotisoli, homoni ya msongo, inayochochea hamu ya vitamu na kurundika mafuta tumboni.

Kazi ngumu ni watu. Mama mkwe akikupakulia tena, utakataaje? Na ukipungua, majirani watanong'ona kwamba unaumwa. Ongea na mumeo kwanza, soda isiingie nyumbani siku za kawaida. Sukari ya chai ipunguze kijiko kimoja kimoja, ongeza tangawizi na iliki. Halafu kapime presha na sukari, wiki hii hii.